Kabari ya Lami, Kabari ya Shaba

Mwaka 1888, mjini Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alihitaji lami nyingi. Alikuwa profesa wa miaka 31, na tayari alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme hutupa hewani mawimbi ambayo jicho haliyaoni. Alichokitafuta sasa ni udugu. Kama mawimbi haya na nuru ni ukoo mmoja, basi yafanye yale inayofanya nuru. Nuru ikipita kwenye kabari ya kioo hupinda. Na haya yapinde.

Shida ilikuwa ukubwa. Kutoka mgongo mmoja wa wimbi lake hadi mgongo uliofuata kulikuwa na sentimita 66 hivi, na kwa wimbi la kimo hicho kabari ya kioo inayokaa kiganjani ni kokoto tu baharini. Hertz akatengenezewa sanduku la mbao lenye umbo la kabari, kimo mita 1.5, ncha yake nyuzi 30, likajazwa lami ngumu. Uzito wake ulikaribia kilo 600. Akauweka mtambo wa cheche upande mmoja, kisha akazunguka upande wa pili na kipokezi chake, akivizia vicheche vidogo gizani. Alivikuta kando, nyuzi 22 kutoka kwenye njia iliyonyooka. Lami ilikuwa imelipinda wimbi. Akapiga hesabu, akapata kipimo cha mpindo cha 1.69.

Namba hiyo tuishike, maana tutakutana nayo tena na tena. Kipimo cha mpindo hutuambia wimbi linapunguza mwendo mara ngapi linapoingia ndani ya kitu. Hewa ni 1, au karibu sana na 1. Maji, kwa nuru, ni 1.33. Kioo cha dirisha ni kama 1.5. Kadiri namba inavyopanda ndivyo wimbi linavyochelewa, na ndivyo linavyokunja kona kali zaidi linapoingia na kutoka.

Katika majaribio hayohayo Hertz alitumia kifaa kingine ambacho wasimuliaji wengi hukipita mbio, nami naona ndicho kilichobeba mbegu ya karne nzima iliyofuata. Ilikuwa fremu ya mbao ya pembe nane, upana mita 2 na urefu mita 2, iliyotandikwa nyaya za shaba za unene wa milimita 1, sambamba, kila uzi sentimita 3 kutoka kwa mwenzake. Nyaya zikilala kuelekea upande ambao umeme wa wimbi unacheza, wimbi linarudishwa kama limegonga ukuta. Izungushe fremu robo mzunguko, wimbi linapita kana kwamba hakuna kitu mbele yake. Shaba ni ileile na nafasi ni zilezile. Kilichobadilika ni mkao wake tu.

Wenye umri wa kuikumbuka miaka ya 1990 wanayajua madishi makubwa ya wavu yaliyosimama juu ya mapaa ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Ukikaa nyuma ya dishi lile unayaona mawingu kupitia matundu yake. Mvua inapita, upepo unapita, lakini mawimbi ya setilaiti, yenye urefu wa sentimita 7 au 8, yakifika pale yanakuta bati zima. Wimbi haliwezi kukitambua kitu kimojakimoja kilicho kidogo sana kuliko lenyewe. Linauhisi ujumla wake, kama vile mtu anayeutazama mkeka kwa mbali anavyoona rangi na mistari bila kuuona ukindu. Hapo pana mlango. Ukivipanga vipande vya chuma vilivyo vidogo kuliko wimbi, wimbi litavipokea vyote kama dutu moja, na dutu hiyo umeiumba wewe.

Jagadish Chandra Bose alifika kwenye mlango huo akiwa na vitu vya sokoni. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo cha Presidency, Calcutta, na katikati ya miaka ya 1890 alifanya jambo ambalo Ulaya ilikuwa bado haijalimudu vizuri: aliyafupisha mawimbi ya Hertz hadi milimita chache. Kabari ya kilo 600 haikuhitajika tena. Majaribio yote yalienea juu ya meza. Kuyaelekeza mawimbi yake alitumia faneli ya chuma, ambayo ndiyo antena ya pembe inayotumika mpaka leo. Kuyachuja alichukua kitabu cha ratiba za treni cha Bradshaw, akapachika karatasi za bati katikati ya kurasa zake. Kitabu kikawa fremu ya Hertz iliyokunjwa: umeme ukicheza sambamba na kurasa hauvuki, ukicheza kuzikata kurasa unapita.

Kisha akachukua juti. Bengali ndiyo nchi ya juti, zao la kusokotea magunia, na mtu yeyote pale angeweza kuokota kichane chake barabarani. Bose alifunga vichane vya juti, akavisokota vingine kulia na vingine kushoto, akavipitishia mawimbi. Vilivyosokotwa upande mmoja viliuzungusha mwelekeo ambao umeme wa wimbi unacheza, kuelekea upande wake, na vile vingine vikauzungusha upande wa pili. Alikuwa anaiga kwa makusudi tabia ya maji ya sukari, ambayo huizungusha nuru kwa sababu molekuli za sukari zenyewe zina msokoto. Hakuwa na sukari kubwa ya kulitosha wimbi lake, basi akaitengeneza kwa nyuzi za magunia. Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha taarifa yake mwaka 1898. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo metamateriali, yaani dutu inayopata tabia yake kutokana na mpangilio wa vipande vyake, ya kwanza iliyobuniwa na mtu aliyejua anachokifanya, na inaniuma kwamba vitabu vingi vya fani hii huanza kuhesabu miaka mia moja baadaye, katika nchi nyingine. Mwaka 1914 Karl Lindman wa Finland alifanya jaribio la namna hiyo kwa visukusuku vya waya wa shaba vilivyoviringwa kwenye pamba. Naye alisahaulika.

Miongo mitatu ikapita kimya. Vita Kuu ya Pili vilileta rada, na rada ikawafanya wahandisi wayazoee mawimbi ya sentimita chache, yaani maikrowevu. Vita vilipokwisha, kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani ilitaka kuyatumia mawimbi hayo kupeleka maongezi ya simu na picha za televisheni kutoka mnara hadi mnara juu ya vilima. Kila mnara ulihitaji antena inayokusanya mawimbi yake kuwa mwale mwembamba, kama tochi. Dishi linaweza, ila dishi lina kisirani chake: likijikunja kidogo tu kwa jua au upepo, mwale unapotea njia. Lenzi huvumilia zaidi. Lakini lenzi ya kioo au plastiki yenye upana wa mita 3 ni mzigo wa kuvunja mnara.

Jibu lilitoka kwa mtu wa vinanda. Winston Kock, kabla ya kuingia maabara za Bell, alifanya kazi katika kampuni ya Baldwin akibuni ogani ya umeme, na sikio lake la mawimbi ya sauti lilimfuata hadi kwenye maikrowevu. Mwaka 1946 alichapisha maelezo ya lenzi iliyoundwa kwa bamba za chuma zilizosimamishwa sambamba kama vitabu kwenye rafu, kukiwa na nafasi tupu katikati. Wimbi likiingia kati ya bamba mbili huku umeme wake umelala sambamba nazo, migongo yake hukimbia upesi kuliko nuru. Msomaji asidhani kuna sheria iliyovunjwa. Ukisimama ufukoni siku ambayo mawimbi yanakuja kwa mshazari, utaona lile povu la mahali wimbi linapovunjika likikimbia kando ya pwani upesi kuliko wimbi lenyewe linavyosogea. Kati ya bamba za Kock wimbi linakwenda kwa mshazari, likigonga huku na huku, na kinachokimbia ni lile povu. Ujumbe hauwahi kuipita nuru.

Matokeo yake, kipimo cha mpindo kikashuka chini ya 1, jambo ambalo hakuna kioo kinacholiweza, na umbo la lenzi likageuka pia. Lenzi ya kioo inayokusanya nuru ni nene katikati. Ya Kock ilikuwa nyembamba katikati na nene pembezoni.

Ilikuwa na dosari: ilifanya kazi vizuri kwenye masafa machache tu. Kwa hiyo mwaka 1948 akaja na nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Alirudi kwenye swali la kitoto: kioo kinaicheleweshaje nuru? Kila molekuli yake inavutwa na wimbi, umeme wake unasogea huku na huku, na huko kusogea ndiko kunakolichelewesha wimbi. Basi Kock akatengeneza molekuli za ukubwa wa kushikwa mkononi: mipira ya chuma, visahani, vipande virefu vya bati, vyote vimepangwa kwa safu ndani ya povu gumu, lile la aina tunayolikuta kwenye boksi la televisheni mpya. Mkononi ni kitu chepesi, karibu hewa tupu. Kwa wimbi ni kioo. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzake, alionyesha kwamba safu kama hizo zinaweza kuipinda hata sauti.

Minara ya New York hadi Boston ilifunguliwa Novemba 1947 ikiwa na lenzi za chuma. Agosti 17, 1951 njia ya kuvuka Marekani nzima ikakamilika, minara 107, na juu yake zilikaa lenzi za vipande vya chuma za mtindo wa Kock. Mtu wa New York aliyempigia nduguye San Francisco sauti yake ilipitia ndani ya kioo kisichokuwepo. Baadaye antena za aina nyingine zikachukua nafasi, lenzi zikateremshwa, na elimu ile ikalala tena kwenye makabati. Mwaka 1962 Walter Rotman, katika maabara ya jeshi la anga la Marekani, aliigusa kwa safu za nyaya alizotumia kuiga plazma, gesi yenye umeme kama ile inayokizingira chombo kinaporudi duniani kutoka angani. Makala yake ilisomwa na wachache.

Wakati huo Moscow, katika taasisi ya fizikia ya Lebedev, Viktor Veselago alikuwa anajiuliza swali lisilo na kifaa wala mteja. Kila dutu huliitikia wimbi kwa njia mbili, kwa umeme na kwa usumaku. Je, itakuwaje miitikio yote miwili ikiwa hasi kwa pamoja? Jibu alilolichapisha mwaka 1967 ni kwamba kipimo cha mpindo nacho kitakuwa hasi: wimbi likiingia litapindia upande usio wake, na bamba bapa litakusanya miale kama lenzi. Alitafuta dutu ya namna hiyo miongoni mwa semikondakta zenye usumaku, hakuipata. Haikuwepo. Hesabu yake ilikaa miaka 30 na zaidi bila kitu cha kuishikilia.

Aliyeipatia kitu hakuwa anamtafuta Veselago. John Pendry wa Imperial College, London, alifuatwa na wahandisi wa kampuni ya Marconi waliokuwa na kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachonyonya mawimbi ya rada vizuri ajabu, ila hawakujua kwa nini. Pendry aligundua kwamba siri haikuwa kwenye kaboni. Ilikuwa kwenye umbo, zile nyuzi ndefu nyembamba zinazopishana. Akaligeuza swali: nipange nini ili nipate mwitiko ninaoutaka? Mwaka 1996 alionyesha kwamba wavu wa nyaya nyembamba unatoa mwitiko hasi wa umeme. Mwaka 1999 akaja na wa usumaku, kwa kutumia pete ya shaba yenye ufa.

Pete hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Wimbi likiipitia, umeme unataka kuizunguka pete, unafika kwenye ufa, unarundikana, kisha unarudi ulikotoka. Kwa hiyo pete ina mdundo wake wa kwenda na kurudi, kama bembea. Sukuma bembea kwa mdundo wake, itapanda juu sana. Sukuma haraka kidogo kuliko mdundo wake, itaanza kukujia wewe wakati unasukuma. Huko kuja kinyume ndiko mwitiko hasi, na hakuhitaji sumaku hata chembe. Ni shaba na ufa.

David Smith na Sheldon Schultz wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizichukua nyaya na pete wakaziweka pamoja mwaka 2000. Mwaka uliofuata, wakiwa na Richard Shelby, walitengeneza kabari. Vifaa vyao vingeweza kutoka kwa fundi yeyote wa bodi za saketi: vibao vyembamba vya faibaglasi, upande mmoja vimechapwa pete za mraba za shaba, upande wa pili mistari ya shaba, kisha vikapachikwa kwa kukingamana kama vigawanyio vya trei ya mayai. Kila kijumba kilikuwa na upana wa milimita 5, na wimbi la gigahezi 10.5 waliloliingiza lina urefu wa karibu sentimita 3. Waliliminya kati ya sahani mbili za alumini zilizoachana kwa sentimita 1.2, wakazungusha kipokezi ukingoni, nyuzi moja na nusu kila hatua, wakiandika nguvu ya wimbi.

Kwanza waliweka kabari ya Teflon, dutu ile ya kikaango kisichogandisha. Wimbi lilitokea upande uliotarajiwa, kipimo 1.4. Kisha wakaweka ya shaba. Wimbi likatokea upande wa pili. Kipimo kilikuwa hasi 2.7. Tangu ile lami ya Karlsruhe, kila kabari ya kawaida iliyowahi kupimwa ilikuwa imelipindia wimbi upande mmoja.

Ugomvi haukukawia. Neno lenyewe, metamateriali, lilikuwa limebuniwa mwaka 1999 na Rodger Walser wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Na Walser huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioandika mwaka 2002 kwamba mpindo hasi wa namna ile hauwezekani. Wengine walisema nishati ilikuwa inamezwa na shaba, na kwamba kilichopimwa ni kivuli. Ubishi ulifaa. Mwaka 2003 kikundi cha Boeing na kingine cha MIT vilipima upya, kila kimoja kwa kabari yake na kwa umbali mkubwa zaidi, na wimbi likatokea upande uleule wa San Diego.

Magazeti yalikimbilia wazo la Pendry la lenzi kamilifu na, mwaka 2006, vazi la kumfanya mtu asionekane. Watu wa antena walikuwa na njaa nyingine: kuuchonga mwale. Mjini Marseille, Ufaransa, Stefan Enoch na wenzake walikuwa wameshaweka jiwe la msingi mwaka 2002, kwa kutumia kipimo cha karibu sifuri badala ya kipimo hasi. Walipanga nyavu za shaba kwa tabaka zilizotenganishwa kwa povu, chini wakaweka bamba la chuma, na ndani wakachomeka waya mmoja mfupi wa kurusha mawimbi. Waya kama huo ukiachwa peke yake hutawanya mawimbi pande zote. Ukiwa ndani ya dutu ambayo kipimo chake kimekaribia sifuri, wimbi linanyooka na kurefuka mno, kiasi kwamba uso mzima wa bamba unapanda na kushuka kwa pamoja, kama wapiga makasia wanaotia makasia majini kwa sauti moja. Uso unaotikisika kwa pamoja hurusha mwale mbele yake, mnyoofu. Waya mmoja ukapata mwale ambao kwa kawaida ungeutafutia safu nzima ya antena au dishi.

Wengine walitokea pande nyingine. Dan Sievenpiper, akiwa Los Angeles, alikuwa ameunda mwaka 1999 uso wa chuma uliopandwa vijiuyoga vya chuma, ambao unairuhusu antena kulala bapa karibu kabisa na chuma bila kuzimwa nacho. George Eleftheriades huko Toronto, na Christophe Caloz pamoja na Tatsuo Itoh huko Los Angeles, waliziacha pete wakajenga dutu zao kwa vipashio vya saketi. Antena ya ukanda ya Caloz na Itoh ilirusha mwale nyuma, juu au mbele kwa kubadilisha masafa tu.

Lakini deni la San Diego lilibaki. Pete ni bembea, na bembea ina mdundo mmoja. Toka nje ya mdundo huo kidogo tu, tabia zote zinatoweka, huku shaba ikila sehemu ya nguvu. Setilaiti haiwezi kuishi hivyo. Ndiyo maana naiona kazi ya Erik Lier wa Lockheed Martin na Douglas Werner wa Chuo Kikuu cha Penn State, iliyochapishwa mwaka 2011, kuwa ya thamani kuliko vazi lolote la kutoonekana. Walichukua antena ya pembe, ile faneli ya Bose, wakaivika kwa ndani bitana ya nyaya nyembamba. Pembe za setilaiti zinazohitaji mwale safi kwa kawaida huchongwa mifereji mingi kwenye kuta zake za ndani, na kuta hizo ni nene na nzito. Bitana ya nyaya ilifanya kazi hiyohiyo kwa uzito mdogo. Na badala ya kuikimbia hulka ya nyaya ya kubadilika kila masafa yanapobadilika, waliichonga hulka hiyo ifuatane na mahitaji ya pembe, masafa yakipanda nayo ipande. Antena ikafanya kazi kuanzia masafa fulani hadi maradufu yake, na nguvu iliyopotea ikawa haina uzito wa kutajwa.

Mwaka 2012, karibu na Seattle, ilianzishwa Kymeta, kampuni inayotengeneza antena bapa za setilaiti. Ndani ya bamba kuna maelfu ya vipashio vidogo, na kila kimoja kina fuwele ya kimiminika, jamaa ya ile iliyomo kwenye skrini ya televisheni. Volti kidogo inabadilisha mdundo wa kipashio, na kompyuta huchagua vipi viimbe na vipi vinyamaze. Bamba limefungwa juu ya paa la gari au sitaha ya boti, halina mota wala shingo ya kuzungusha. Boti ikiyumba, mpangilio unabadilika palepale, na mwale unabaki juu ya setilaiti.